Upande wa Ukutani

Kibokoni, Mombasa
8 Machi 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi Mahfudha,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naushika mkono wako na kuubusu, ijapokuwa wewe uko Kisumu nami niko Kibokoni na Kenya nzima imelala katikati yetu. Sisi hatujambo. Swabra ameota jino la kwanza, la chini. Akicheka ni kama punje moja ya mchele imemgandia mdomoni. Faiz, baba Swabra, yuko na tuktuk yake pale Makadara kama kawaida, anakusalimu, na ananicheka. Ati, "Nani siku hizi anaandika barua? Mpigie simu shangazi yako!" Nikamwambia shangazi tangu aondoke amesema simu hataki, na mkubwa akisema amesema. Barua hii nampa Crispus, yule kondakta wa basi la Kisumu, atakuletea mpaka mlangoni.

Baba anakusalimu pia. Kaka yako unamjua, salamu zake ni kukohoa.

Sasa nyanya. Tangu uondoke ni wiki tatu. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto bado havina habari. Maneno yanatoka mazito, kana kwamba ana kokwa ya tende mdomoni, lakini ukimzoea unamwelewa. Kinachonisumbua ni mambo mawili. La kwanza, chini ya mgongo pametoka doa jekundu, kubwa kama shilingi ya zamani. Hospitali walituambia tumgeuze-geuze. Nilipofungua mdomo kuuliza mara ngapi, sista alikuwa ameshafika kitanda cha tatu.

La pili ni ule uso wake. Bado anautazama ukuta mchana kutwa. Jirani yetu Bimdogo wa nyumba ya pili amekuja, amekaa, ametikisa kichwa, akasema, "Mwacheni. Huo ukuta ndio kibla. Mamenu ameelekea anakokwenda." Watu wakisikia hivyo wanashusha sauti, wanaona ni jambo zuri. Mimi sijui, shangazi. Mimi naona kama mtu aliyekaa stesheni akitazama njia ambayo gari haliji.

Kuna pia neno moja nataka kukuuliza, nisamehe mdomo wangu. Ulikaa kando ya kitanda siku tatu. Siku ya nne ulitoka na mkoba wako baada ya sala ya alfajiri, hata chai hukunywa, na mahamri nilikuwa nimeyakanda usiku kwa ajili yako. Je, nilikukosea?

Ramadhani ndiyo hiyo inaingia. Tuombeane.

Mwanao,
Nasiha

*

Kisumu
2 Aprili 2024

Mwanangu Nasiha,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imefika, na Crispus ameileta akiwa ameikalia, imekunjika kama sambusa. Nimefurahi kwa jino la Swabra. Mpe maji baada ya uji, usingoje meno yajae ndipo uyatunze. Huku mvua zimeanza, nami nafturu kazini nikiwa nimesimama, tende moja na maji, kisha narudi kwenye vitanda.

Doa hilo usilisugue wala usilipake mafuta ya karafuu, maana najua Bimdogo ameshakwambia. Libonyeze kwa kidole. Likiwa jeupe kisha likarudi jekundu, bado tuna nafasi. Likikataa kubadilika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, mto katikati ya magoti, na shuka isiwe na mkunjo hata mmoja. Mkunjo wa shuka ni adui.

Na kabla hujamgusa, sema. Taja jina lako, useme unataka kufanya nini, ungoje kidogo, ndipo umshike. Hili nakuandikia kwa wino mzito. Miaka kumi na sita nafanya kazi hii, na mpaka leo linalonichosha si damu wala matapishi. Linalonichosha ni watu kumgeuza mtu mzima kama gunia la chumvi huku wakizungumza juu ya kichwa chake habari za kusuka nywele. Mgonjwa hana jina, anaitwa kitanda cha saba. "Kitanda cha saba amejikojolea." Kitanda hakikojoi, nawaambia. Halafu maji. Wanamwekea bilauri ya maji mbali na mkono wake, jioni wanaandika kwenye faili kuwa hakunywa. Angekunywaje, kwa macho? Mwingine havui glavu hata anapomshika mtu mkono amliwaze. Kuliwazwa na mpira!

Si kwamba hawana roho. Sisi ni wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wawili, na karatasi za kujaza ni nyingi kuliko wagonjwa. Lakini salamu haichukui dakika.

Hukunikosea. Niliwahi basi tu.

Kuna habari moja. Nimepata kazi Riyadh, mkataba wa miaka mitatu. Naondoka tarehe ishirini na nane Julai, nitapandia ndege Nairobi. Mwambie kaka. Mama usimwambie, haina haja.

Shangazi yako,
Mahfudha

*

Kibokoni
21 Aprili 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Idi imepita salama. Swabra nilimvisha gauni la manjano, akalitapikia kabla ya saa tatu, nikamvisha la pili, akalilalia. Watu walikuja kumpa nyanya mkono wa Idi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituletea pipi za Kisumu ndani ya soksi za wodini. Hapa nyumbani hatukujua kwamba watu wengine hula pipi zisizotoka kwenye soksi.

Doa limefifia. Nalibonyeza kila siku, linageuka jeupe, linarudi waridi, nami nasema alhamdulillahi. Ile ya kusema kabla ya kugusa nimeishika kweli kweli. "Nyanya, ni mimi Nasiha, nataka kukugeuza ubavu." Nangoja. Mara ya kwanza aliguna, mara ya pili akasema, "Haya." Haya! Shangazi, neno hilo moja lilinifanya niende jikoni nikalie. Sasa nimezoea hata namwambia Swabra, "Ni mimi mama, nataka kukufuta pua." Faiz anasema ananisikia nikiliaga sufuria kabla ya kulitia jikoni.

Nakuandikia saa hizi za baada ya adhuhuri, nyumba imetulia. Leso ya bluu niliyoianika dirishani inapita na upepo, na kivuli chake kinapanda darini na kushuka. Swabra nimemlaza upande wa ukutani, katikati ya ukuta na nyanya, ili asianguke. Nyanya anamtazama. Anamtazama vile mtu anavyotazama mvua, hachoki. Anampitishia kidole cha kulia nyusini, mtoto anapepesa macho, naye anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nikikaa kwenye kiti chetu hiki cha wageni hanitazami hata kidogo, wala mtu mwingine yeyote. Bimdogo anasema, "Mwenye kuondoka humpenda anayekuja, nyinyi wa katikati hamna maana." Nikamwambia, "Bimdogo, nawe kaa basi nikukatie keki, maana wa katikati ndio tunaokata." Akacheka, akala vipande vitatu.

Chakula ndicho kinachonishangaza. Anakula nusu. Sisemi kidogo, nasema nusu. Wali wa upande mmoja unakwisha, wa upande wa pili haukuguswa, kana kwamba umechorwa mstari kwa kisu. Siku ya Idi nilimwekea kipande cha nguru, kikabaki pale pale, na kwa nguru nyanya hajapata kusamehe. Kisha akanilalamikia, "Mbona mwanitilia kidogo?" Nikatazama sahani, nikamtazama yeye. Nikasema labda ananitania.

Picha yako ya mahafali, ile yenye kofia nyeupe, tumeitundika juu ya mlango. Sitakwambia kwamba huwa anaitazama, sitaki kukudanganya.

Shangazi, basi la Kisumu huondoka jioni. Crispus mwenyewe ameniambia.

Riyadh ni mbali sana. Kabla hujaenda, pita nyumbani. Siku moja tu. Sijasoma sana, lakini najua miaka mitatu kwa mtu aliyelala si sawa na miaka mitatu kwa mtu anayetembea.

Mwanao,
Nasiha

*

Kibokoni
19 Mei 2024

Shangazi mpenzi,

Asalaam aleikum. Ni karibu mwezi, na Crispus kila akipita anatikisa kichwa tu. Swabra anatambaa, amegundua chini ya kitanda. Sisi wazima. Nyanya ni yule yule, nusu sahani na ukuta.

Kama nimekuudhi kwa lile neno la basi, lifute. Lakini lile la kupita nyumbani sitalifuta.

Nasiha

*

Kisumu
9 Juni 2024

Mwanangu Nasiha,

Asalaam aleikum. Hukuniudhi. Barua zako ziko chini ya mto wangu, na ya Aprili imechakaa kwa kukunjuliwa. Nilikuwa sina la kukuandikia, kwa sababu kila nikishika kalamu naandika uongo. Leo nina jambo, basi lisome ukiwa umekaa.

Tuna mwanafunzi wa uuguzi hapa, anaitwa Mwende, msichana mzuri, ana haraka. Alhamisi alimletea chakula Mzee Bonface, aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto. Baada ya nusu saa akaliondoa sinia akaandika, "Amekataa mboga." Nikamwita mbele ya wenzake, maana hili hunipandisha damu. Nikamwambia, hakukataa. Mgeuzie sahani. Akaigeuza, na ile mboga iliyokuwa kushoto ikawa kulia. Mzee akasema, "Ah, kumbe kuna sukuma!" akaila yote.

Nikawafundisha kama ninavyowafundisha kila mwaka. Kuna kiharusi kinachoondoka na mkono na mguu, na kingine huondoka na upande wenyewe. Macho ni mazima, lakini kwa mgonjwa kushoto hakupo. Si giza, ni kama hakukuumbwa. Atakula nusu ya sahani na kulalamika kuwa ni kidogo. Na ukimwita kutoka kushoto, sauti ataisikia, lakini uso ataugeuzia kulia, maana kwake yeye, kulia ndiko kuliko na watu. Nikawaambia, "Msiseme amewapa kisogo. Anawatafuta."

Nilikuwa bado nazungumza, Nasiha, ndipo nikajisikia mwenyewe ninachokisema. Nikakaa kitandani kwa Mzee Bonface, jambo nisilomruhusu mtu kulifanya.

Nitakwambia sasa. Baba alipofariki nilikuwa zamu. Simu ilikuwa kabatini kama sheria inavyotaka, na nilikuwa nimemshika mkono bibi mmoja nisiyemjua mpaka akakata roho. Nilipofika Mombasa kaburi lilikuwa limeshakauka. Mama aliniambia, "Wa wenzio umewashika, wako hukumshika." Hakusema zaidi, wala mimi. Ni miaka tisa. Tulisalimiana kwenye simu, tuliulizana afya, na lile neno likakaa katikati yetu halisogei.

Kwa hiyo mliponipa habari kwamba anaumwa nilikuja mbio. Niliketi kwenye kile kiti chenu siku tatu. Kila nikisema, "Mama, ni mimi Mahfudha," aliugeuza uso ukutani. Siku ya tatu nilisema mara nyingi sana. Mara zote uso ukaenda ukutani, hata nikaona shingo inavyokaza. Nikasema sawa, nimefahamu, na nikatoka alfajiri ili mahamri yako yasinikute nalia.

Mimi! Mimi ninayewafokea watoto wa watu kwa sababu ya sahani. Nilikaa kama mtoto aliyenuniwa, uuguzi nikauacha nje pamoja na viatu. Sikutazama kitanda kimewekwaje. Sikuuliza anakulaje. Hata nusu sahani uliponiandikia Aprili, niliipita nikitafuta jina langu tu.

Lakini sina hakika, na ninaogopa kuwa na hakika. Basi nifanyie hili. Akiisha kula nusu yake, usiseme kitu, igeuze sahani. Kisha niandikie kweli tupu, hata kama ni kweli nisiyoitaka.

Shangazi yako,
Mahfudha

*

Kibokoni
20 Juni 2024

Kwa shangazi yangu, mpenzi wangu,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Idi ya kuchinja imepita, sote wazima, Swabra ana meno manne, na mengine ya salamu nayaacha, maana nina jambo lisilongoja.

Barua yako ilifika Jumatatu ya Idi yenyewe. Nilipika pilau. Nyanya alikula nusu, akaweka kijiko, akasema, "Imekwisha." Nikasema bismillahi, nikaigeuza sahani. Shangazi, alishtuka! Akaitazama ile nyama, akasema, "Ulikuwa umeificha wapi?" Akala mpaka ukoko. Mimi nilisimama pale na leso mdomoni.

Nikamwita Baba, nikamsomea barua yako pale ngazini, ile sehemu ya sahani tu. Ya babu nimekuwekea. Akakohoa sana. Kisha akasema, "Kitanda kigeuzwe." Ndipo Bimdogo akaja juu: "Mwamtoa mtu kibla? Mwamgeuzia Mola wake mgongo?" Nikaenda mwenyewe kwa Maalim Khubaib pale msikitini, nikamweleza kutokea barazani. Akaniambia mgonjwa husali kama awezavyo, na wakati wa sala tumlaze ubavu aelekee kibla, ukisha tumrudishe. Nikacheka peke yangu njiani, maana hizo ndizo zile geuza-geuza zako.

Faiz na Baba wakakibeba kitanda, kichwa kikaenda palipokuwa miguu. Sasa ukuta uko kushoto kwake. Chumba chote, mlango, dirisha, kiti na sisi, tuko kulia.

Jua lilikuwa likiingia, kivuli cha leso kinapanda na kushuka, na macho ya nyanya yalikuwa yanatembea, shangazi, yanatembea pole pole kama mtu aliyerudi safari anayeangalia kama vyombo vyake bado viko. Akaona kabati. Akaona Baba. "Athmani," akasema, "umezeeka." Baba akatoka nje. Akamwona Bimdogo, akamwambia, "Nawe ulikuwa wapi miezi yote hii?" Bimdogo, ambaye hajakosa siku hata moja, akaanza kuzihesabu siku zake kwa vidole. Nimeipenda sana saa hiyo, Mungu anisamehe.

Kisha akaona juu ya mlango. Akaitazama ile kofia nyeupe mpaka nikadhani amelala macho wazi. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mahfudha alikuja."

Nikasema, "Ndiyo, nyanya. Alikuja."

"Nilimsikia. Siku tatu namsikia. Nikageuka nimtazame, sikumuona. Nikamtafuta ukutani kote. Nikasema, basi ni ndoto, na ndoto haikamatiki." Kisha akasema, "Kulikuwa na neno nilitaka kumwambia, la tangu babako mkubwa afe. Lakini mtu hawezi kumtaka radhi ndoto."

"Babako mkubwa" amechanganya, alitaka kusema babu yangu. Mimi nimeelewa, nawe utaelewa.

Hilo neno sijamuuliza. Si langu. Nimemwambia tu, "Nyanya, haikuwa ndoto." Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akaubana mpaka pete ikaniumiza, na hakuuachia mpaka Swabra alipolia.

Kweli tupu uliyoitaka ndiyo hii. Kiti cha wageni nimekitoa pale kilipokuwa, nimekiweka upande wa kulia, karibu na mto. Watu wakija nawakalisha mkekani. Bimdogo anauliza, "Hiki kiti mbona hakikaliwi?" Namwambia kina mwenyewe.

Mwanao,
Nasiha

*

Kisumu
27 Juni 2024

Mwanangu Nasiha,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisomea chooni kazini, ndiko kwenye mlango unaofungika.

Riyadh iko pale pale, sikudanganyi, mkataba nimeshatia saini. Lakini kabla ya hapo nina likizo ya wiki tatu. Nilikusudia kuilala. Sasa nimekata tiketi ya Jumapili na Crispus ameniwekea kiti cha dirishani. Wiki tatu zinatosha kukufundisha kumrudishia mama ule upande wake wa kushoto, kidogo kidogo. Kwanza kengele upande huo, kisha mkono wako, kisha uso. Wengine huupata. Nimewaona kwa macho yangu.

Usimwambie nakuja, na yeyote asipige kigelegele ngazini. Nitaingia, nitakaa kwenye kile kiti. Nitataja jina langu, nitasema nimekuja kufanya nini, nitangoja kidogo. Akiniona, ndipo nitakapomshika mkono.

Mahamri yakande. Safari hii nitayala.

Mahfudha